Bi Harusi Kawa Taa, Bwana Harusi Kawa Kivuli!

 

Leo nina maneno na ndugu zangu wapiga video. Wengine msifunge gazeti. Kama hujaoa utaoa, kama hujaolewa utaolewa, na kama hayo yote umeshayamaliza basi una binti atakayefanyiwa sendofu. Kamera itakupitia tu, upende usipende.

Hebu tembea jioni moja kuanzia Magomeni, pita Mwananyamala mpaka Kijitonyama, kisha vuka mji uingie Keko, Tandika, mpaka Mbagala Rangi Tatu. Kila baada ya vibanda viwili vya chipsi utakuta chumba chenye feni, kompyuta, pazia la kijani na kijana mwenye macho mekundu ya kukesha. Huyo ndiye fundi wetu wa harusi, kichen pati, maulidi, ubatizo, nyimbo za singeli na hata vipindi vya televisheni. Kuchapa kazi anachapa. Kamera anayo, tena bei yake usiulize kama una presha.

Tatizo lake moja: mwanga. Wengi wao wanadhani video nzuri ni ile inayong'aa. Wakishaiweka kwenye kompyuta wanapandisha weupe, wanapandisha rangi, wanapandisha tena, mpaka kila kitu kinameremeta kama bati jipya. Halafu faili linatoka, mteja analipeleka nyumbani, kasheshe inaanza.

Nilikuwepo Tandika siku mama mmoja aliporudisha flashi ya harusi ya bintiye. Kijana akamwamkia vizuri tu, "Shikamoo mama." Mama akaitikia, kisha akasema kwa upole ule unaotisha kuliko matusi:

"Baba, mwanangu mbona hana uso?"

"Mama, mbona kwenye kompyuta yangu anaonekana vizuri tu?"

"Kwenye kompyuta yako, mwanangu. Mimi harusi naiangalia sebuleni kwangu."

Wasomaji wangu, maneno ya mama yule yanatosha kuwa somo zima la ufundi. Video haiishi kwenye chumba chako. Inakwenda kuishi kwenye televisheni za watu usiowajua, za bei mbaya na za mkopo, mpya na zile zilizopigwa makofi mpaka zikazoea. Ili picha yako ifike kote huko ikiwa picha ile ile, kuna mipaka ya mwanga iliyokubaliwa. Ukiivuka, kila mashine inakukata inavyojua yenyewe.

Wala si harusi tu. Kijana mwingine wa Mbagala alitengeneza kipindi cha vipaji vya mtaani. Alikodi gari, alilisha watu, alilala na kompyuta wiki mbili. Akakipeleka kwenye kituo kimoja cha televisheni, jina naliacha. Kikarudishwa na karatasi fupi: mwanga na rangi vimezidi kiwango, rekebisha. Jamaa akaja kwangu amefura, anasema ni fitina, wanataka kitu kidogo. Wakati anaendelea kununa, nafasi yake ikapewa mwingine, na mfadhili wake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akala kona. Nilipomuuliza fundi mmoja mkongwe akalipima lile faili mbele yetu, karatasi ikaonekana ilisema kweli tupu. Mkwanja umepotea kwa sababu ya namba mbili tu.

Namba zenyewe ni hizi, msiogope, ni hesabu za darasa la pili.

Kompyuta kwa kawaida inapima mwanga wa kila nukta ya picha kwa ngazi 256, kuanzia 0 mpaka 255. Ngazi 0 ni giza la kaburini, 255 ni jua la saa saba mchana. Televisheni ina utaratibu wake. Mwaka 1982, wakubwa wa mawasiliano duniani walipokubaliana jinsi ya kuigeuza picha ya televisheni kuwa namba, walisema weusi kamili uwe 16 na weupe kamili uwe 235. Kwenye kipimo cha mafundi, 16 ndiyo asilimia 0 na 235 ndiyo asilimia 100.

Sasa utauliza, zile ngazi za chini ya 16 na juu ya 235 ni za nini? Ni kama pembeni mwa lami ya Barabara ya Kilwa. Pale pameachwa ili gari likiyumba lisiingie mtaroni. Picha nayo huyumba: ukiinoa makali, ukiipunguza ukubwa, ukiibana faili liwe jepesi, kingo za vitu vyeupe huruka juu kidogo kuliko ulivyozipanga. Nafasi ile ni ya kuyumbia, si ya kuendeshea. Najua madereva wa daladala watabisha, lakini nao trafiki huwa anawasubiri mbele.

Trafiki wa televisheni naye yupo. Ulaya, umoja wa vituo vya utangazaji unaoitwa EBU una waraka wake namba R 103. Toleo lake la zamani lilisema mwanga usishuke chini ya asilimia 1 pungufu ya weusi, wala usipande zaidi ya asilimia 103. Rangi tatu zinazounda picha, yaani nyekundu, kijani na bluu, kila moja ibaki kati ya asilimia 5 chini ya sifuri na asilimia 105. Hata vikivuka, visizidi asilimia 1 ya eneo la picha. Vituo vingine vina masharti makali zaidi, vingine vya huruma. Kwa hiyo kabla hujapeleka kipindi popote, omba karatasi ya masharti yao. Kuomba karatasi si ushamba. Ushamba ni kurudishiwa kazi.

Wakubwa wenzangu watakumbuka kwa nini jambo hili lilikuwa kubwa zamani. Zanzibar walianza kuangalia televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi wa Bara tukasubiri mpaka 1994, ITV na wenzake walipoingia hewani, mtaa mzima ukawa unakusanyika kwa mwenye seti. Mnakumbuka yale maandishi meupe yakitokea kwenye kioo, spika inaanza kunguruma zzzzz? Wengi tulidhani seti imechoka, mwenye nyumba anaipiga kofi. Kumbe mara nyingi kosa lilikuwa la weupe.

Mambo yalikuwa hivi. Katika matangazo ya analoji ya mtindo wetu, picha ikizidi kuwa nyeupe ndivyo nguvu ya wimbi linaloibeba ilivyopungua. Weupe ukipitiliza, wimbi linakaribia kutoweka kabisa. Na seti ilikuwa inalitegemea wimbi hilo hilo ili kuichomoa sauti. Picha ikikosa adabu, sauti inalia. Ndiyo maana waya wa picha ulipewa mpaka: weupe usizidi volti 0.7 juu ya weusi. Kila kituo kilikuwa na mtu wa kuukodolea macho mshale huo.

Hapo kuna mjanja atasema, "Ah, hayo ya kale, Dar ilizima analoji tarehe 31 Desemba 2012, sasa tuna ving'amuzi." Kweli kabisa, tulinunua ving'amuzi kwa kunung'unika sana. Lakini zile namba 16 na 235 hazikuzimwa na analoji. Video ya kawaida ya king'amuzi, ya diski na hata nyingi ya zile za kwenye simu bado zinazifuata. Kilichobadilika ni adhabu. Zamani spika ililia, siku hizi kinachozidi kinakatwa kimya kimya. Nakshi zote za shela zilizokuwa juu ya 235 zinakuwa bamba moja jeupe. Hakuna sauti ya kukuonya, unaambiwa na mama mkwe.

Sasa tuone kwa nini kompyuta inakudanganya. Kwanza, kioo chake umekipandisha mwanga mpaka mwisho kwa sababu dirisha liko wazi na jua linakupiga usoni. Au ni usiku, taa umezima, kila kitu unakiona king'avu. Jicho la binadamu ni kigeugeu, linazoea chochote baada ya dakika kumi. Ukisahihisha mwanga kwa jicho peke yake ni sawa na muuza nyama anayepima kilo kwa mkono. Huenda akapatia, lakini mteja hatamwamini.

Pili, kuna ugomvi wa ngazi zenyewe. Ukitoa faili la ngazi 0 mpaka 255, halafu televisheni ikalisoma kama la 16 mpaka 235, chochote cha chini ya 16 kinakuwa weusi mtupu na cha juu ya 235 kinakuwa weupe mtupu. Suti nyeusi, nywele na kivuli cha shavu vinaungana kuwa kitu kimoja. Ndiyo maana bi harusi anakuwa taa na bwana harusi anakuwa kivuli kilichovaa tai! Ikitokea kinyume chake, weusi unakuwa kijivu na ukumbi wote unaonekana kama umeingiwa na vumbi la barabara inayojengwa.

Tatu, kuna simu. Siku hizi nusu ya picha za harusi zinatoka kwenye simu ya shangazi. Simu za iPhone kuanzia namba 12 iliyotoka 2020, na nyingine za makampuni mengine, zinaweza kurekodi kwa mtindo wa mwanga mpana unaoitwa HDR. Kwenye simu yenyewe picha inapendeza hatari. Ukiitupa ndani ya kazi ya kawaida bila kuigeuza, nyuso zinaungua kama zimemulikwa na taa za lori. Ama uzime mtindo huo kwenye simu kabla ya kupiga, ama programu yako ya kuhariri uiambie iigeuze kwanza. Usianze kuvuta mwanga kwa mkono, utachemsha.

Na hapa niseme jambo linaloniuma. Harusi zetu ni mtihani mgumu kwa kamera kuliko za wenzetu. Shela jeupe pee, suti nyeusi tii, na katikati yake nyuso zetu za maji ya kunde na nyeusi. Kamera ikiachwa ijipangie yenyewe inapigwa bumbuwazi: shela likijaa kioo inapunguza mwanga, uso unazama, suti ikijaa inaongeza mwanga, shela linaungua. Kamera nyingi zina mistari inayotembea juu ya sehemu zenye mwanga mkali, mafundi wanaiita zebra, na yule pundamilia amezoeleka kupangwa asilimia 70. Asilimia 70 hiyo ilitokana na sura za Wazungu! Ukiufuata kwa uso wa bibi yangu wa Yombo, utamwaga mwanga mpaka shela lilie. Kwa jicho langu, nyuso zetu nyingi zinakaa vizuri kati ya asilimia 40 na 60, nyeupe zaidi juu kidogo, nyeusi zaidi chini kidogo. Pundamilia mpange asilimia 95 au 100, akulindie shela, na uso uupatie taa yake ya kuusaidia. Kataa kabisa kumpiga bi harusi akiwa amelipa mgongo dirisha.

Haya, kalamu na karatasi. Nilivyowaona mafundi wanaoheshimika wakifanya, utaratibu ni huu.

Ukiingia kwenye kuhariri, fungua kipimo cha mawimbi, skopu. Premiere anayo, Final Cut anayo, na DaVinci Resolve anayo hata toleo la bure, kwa hiyo usiniambie habari za mshiko. Skopu inakuchorea mwanga wa picha kama moshi: chini ni weusi, juu ni weupe. Haijali dirisha liko wazi wala macho yamechoka.

Anza na weusi. Shusha mpaka miguu ya ule moshi iguse karibu na 0, isizame. Kisha weupe: shela lilete kwenye 90 hivi, ubakize nafasi. Hapo kuna siri moja. Kamera nyingi hurekodi mpaka asilimia 109 hivi, kwa hiyo shela linaloonekana limeungua huenda nakshi zake bado ziko kule juu. Zivute chini taratibu utaziona zinarudi. Lakini kama kamera yenyewe ilishakata wakati wa kupiga, hakuna fundi wala mganga. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tatu, uso. Ukishaweka weusi na weupe, nyanyua katikati mpaka sura ya mtu ionekane, maana watu hawakuja kuangalia mapambo ya ukumbi, hata kama kamati imeyalipia.

Nne, rangi. Kanga nyekundu, vitenge vya njano na zile taa za zambarau za ukumbini ni wakorofi wakubwa. Rangi inaweza kuwa na mwanga halali na bado ikavunja mpaka, kwa sababu moja kati ya zile rangi tatu imepasuka peke yake. Ndiyo maana kuna skopu inayoonyesha nyekundu, kijani na bluu mbalimbali. Angalia na maandishi yako pia. Jina la maharusi kwa njano iliyoiva, lenye kivuli na kumetameta, ndilo mara nyingi linalorudisha kazi. Maandishi meupe yaweke 90, yatasomeka tu.

Tano, ndipo uweke mlinzi wa mwisho. Kwenye Premiere na Final Cut kuna kichujio cha kuzuia mwanga uliozidi, mafundi wanaita limita. Hapa ndipo vijana wengi wanapokosea: hawarekebishi lolote, wanamtupia limita mzigo wote. Limita haponyi. Lililozidi analikandamiza, na shela lililoungua linabaki limeungua, ila sasa ni kijivu kama shuka la gesti. Limita ni mlinzi wa getini, kazi yake ni wale wawili watatu waliokupita. Ukimletea umati mzima atafunga geti.

Sita, wakati wa kueksipoti, angalia palipoandikwa ngazi. Kwenye Resolve, kwa mfano, ukurasa wa kutolea faili unakuuliza uchague ngazi za video, ngazi kamili, au uiachie programu iamue. Kwa televisheni na harusi za kawaida, ni ngazi za video. Faili likishatoka, lirudishe ndani ya programu ulipime tena, maana kubana faili nako kunarusha kingo. Kisha lipeleke kwenye flashi, ulichomeke kwenye televisheni ya kawaida ya jirani, siyo ile ya dukani inayowaka kama moto. Uso ukionekana na mikunjo ya shela ukiihesabu, mpigie mteja.

Najua kuna mtu anasema, "Mteja mwenyewe anataka ing'ae!" Sawa. Mteja pia anataka biriani jingi chumvi, lakini mpishi ndiye anayejua kipimo. Mwonyeshe sehemu ile ile mara mbili, yenye kipimo na isiyo na kipimo, kwenye televisheni yake. Sijaona aliyechagua binti asiye na uso.

Na nyie mnaoajiri wapiga video, msijitie hamnazo. Kabla ya kutoa advansi, mwambie kijana akuonyeshe harusi aliyopiga, kwenye televisheni, siyo kwenye simu yake. Tazama vitu viwili tu: maua ya shela yanaonekana? Macho ya bwana harusi yanaonekana? Vyote vikiwepo, mpe kazi na usimbanie bei, maana ukiona vyaelea jua vimeundwa. Kimoja kikikosekana, mpe mkono wa kwaheri na soda moja.

Keki italiwa, ukumbi utafagiliwa, hata wengine ndoa zitawashinda, tuombe Mungu atuepushie. Picha ndiyo inayobaki. Mtoto atakayezaliwa ataomba aone mama yake alifananaje siku ile, na bibi akishatangulia mbele ya haki, ile sekunde tano aliyopita akipiga vigelegele ndiyo yote mtakayokuwa nayo. Fundi, usiifute sura yake kwa ajili ya kumeremeta.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutawageukia wenye maspika: kwa nini mshereheshaji wa Mwananyamala asikike mpaka Tandale? Kaeni mkao wa kula.